Alama ya Kutoa

Mwaka ule mama alipopata kiharusi nilikuwa nafundisha fizikia sekondari, vipindi ishirini na sita kwa wiki, na wakati huohuo nasoma shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Watu wakiniuliza nasomea nini, nilikuwa nawajibu "nyota" tu, kwa sababu jibu kamili lilinichosha hata mimi.

Jibu kamili ni hili. Kuna nyota zilizokufa, zikabaki vitufe vidogo vizito vinavyozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi ya redio. Kila kitufe kikizunguka mara moja, mawimbi yake yanatupitia mara moja, kama mapigo ya moyo, ndiyo maana vinaitwa pulsa. Mawimbi hayo hutikisika kwa mwelekeo fulani. Ukifunga kamba kwenye nguzo, unaweza kuitikisa juu na chini, au kulia na kushoto. Ni hivyo hivyo. Njiani, kati ya nyota na nyota, kuna usumaku hafifu unaouzungusha mwelekeo ule kidogo kidogo. Ukizungushwa upande mmoja, usumaku unakuja kwetu. Ukizungushwa upande wa pili, unatukimbia. Kazi yangu ilikuwa kupima umezungushwa kiasi gani na upande gani. Darubini yenyewe, ya kunasa mawimbi hayo, sijawahi kuiona kwa macho. Iko nchi nyingine, sehemu kame. Mimi nilipokea data kwa intaneti nikiwa nyumbani kwangu Mkolani, mwisho wa wiki, umeme ukiwepo.

Mama alianguka akiwa anaosha vyombo kwa dada yangu, mtaa wa Mabatini. Alikuwa mwanamke wa Majita, kando ya ziwa, aliyeanika dagaa kwenye mchanga tangu akiwa msichana, na tangu baba afariki alikuwa akikaa kwa dada. Nyumba ya dada iko juu kwenye mawe, ngazi zake hata mzima anahema. Tulimteremsha kwenye kiti cha plastiki, mimi na dada na vijana wawili wa jirani, mdomo wake umekwenda upande. Wiki nzima tulilala kwenye korido ya hospitali kwa zamu. Nilikuwa nafungua simu, naona barua pepe zimejaa, naziweka zote kama zimesomwa ili ile namba nyekundu iondoke. Aliporuhusiwa tulimleta kwangu, kwa kuwa kwangu hakuna ngazi.

Baada ya hapo siku zangu zilifanana. Kumgeuza, kumwogesha, uji, shule, kumnyoosha mkono wa kulia kama tulivyofundishwa, kusahihisha madaftari. Mchana alikaa naye mama mmoja jirani. Jumamosi dada alikuja kunipokea zamu, nami nikakaa na pulsa zangu chumba cha pili, mlango wazi.

Katika uchovu huo ndipo nilipopata jambo kubwa. Pulsa tisa za upande mmoja wa anga zilionyesha usumaku unaokwenda kinyume na ulivyoandikwa na waliotutangulia. Nilipiga hesabu mara tatu. Profesa wangu, mzee ambaye kwa kawaida hurudisha kazi ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa, safari hii alinipigia simu mwenyewe akasema hii sasa ndiyo kazi. Tukaandika makala, ikaenda kwa mhariri wa jarida. Nikaalikwa kuizungumzia kwenye mkutano kwa njia ya mtandao, nikazungumza nikiwa nimevaa kitenge chini na koti la heshima juu, huku nasikiliza kama mama anaita.

Jumapili moja asubuhi, miezi miwili baadaye, nilitaka picha nzuri ya kuongeza kwenye tasnifu. Nikachukua pulsa moja maarufu, ambayo kila mtu duniani anajua usumaku wake unaelekea wapi, nikaipima kwa data mpya. Namba yenyewe ilikuja sahihi, ila mbele yake kulikuwa na alama ya kutoa, yaani upande umegeuka.

Nilijua palepale. Antena ya darubini ina waya mbili, moja ya mtikisiko wa wima na moja ya ulalo. Ukizibadilisha nafasi, hakuna kinachoharibika, mapigo yanakuja vizuri kabisa, ila kila kinachozunguka kulia utaona kinazunguka kushoto. Nikatafuta kwenye barua pepe za zamani, nikaikuta. Mafundi walikuwa wamefanya matengenezo, wakabadilisha mpangilio wa waya, wakawaandikia watumiaji wote warekebishe mafaili yao ya hesabu. Tarehe yake ilikuwa ya wiki ile ya korido. Imesomwa.

Ningeweza kunyamaza kidogo. Wahakiki wa jarida hawakuwa wameuliza lolote. Nilikaa mpaka chai ikapoa, kisha nikampigia profesa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kuna nini Jumapili?"

Nikamweleza.

"Una uhakika?" akauliza.

"Ndiyo. Zote tisa."

"Basi mwandikie mhariri leo. Uandike wewe, maana jina la kwanza kwenye makala ni lako."

Hakunifokea wala hakunipa pole. Kabla ya kukata aliuliza hali ya mama, nikasema anaendelea.

Niliandika mistari sita, nikaituma. Halafu nikaenda kumnyoosha mama mkono, maana saa yake ilikuwa imepita. Aliniangalia usoni, akauliza kwa yale maneno yake mazito ya baada ya ugonjwa nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, nimekosea kazi. Hakuridhika. Mama hakuwahi kukubali jibu fupi. Nikamweleza habari ya waya, na kwamba waliniandikia sikusoma.

"Lini?" akauliza.

Niliendelea kumnyoosha vidole. Yeye akahesabu mwenyewe.

"Nilipokuwa hospitali."

"Ndiyo, mama."

"Basi ni mimi."

Nikamwambia hapana, ni uzembe wangu. Nilisema kweli, lakini haikuwa kweli yote, na sote wawili tulijua. Aliuvuta mkono wake kwenye mikono yangu, ule mgonjwa, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akageukia ukutani. Jioni alikataa uji. Siku ya tatu ndipo aliponiambia uji umezidi sukari, nikajua tumerudi mahali petu.

Kurudia kazi kulinichukua karibu mwaka. Alama ilipogeuzwa, pulsa zangu tisa zilikubaliana na kila kilichokwisha kuandikwa, na makala iliyotoka mwishoni ilikuwa fupi, yenye vipimo bora kidogo kuliko vya zamani. Watu wawili wa nchi za mbali waliniandikia kuuliza kuhusu mafaili yale ya waya. Mmoja naye alikuwa hajarekebisha.

Nilitetea tasnifu kwa mtandao, nikiwa ofisi ya walimu, mlango umefungwa na karatasi nje ya kuomba utulivu. Mtahini alitumia nusu ya muda kwenye sehemu niliyoeleza kosa langu la waya. Aliuliza kwa nini nimeliandika kwa kirefu vile. Nikasema lilinichukua muda mrefu kuliko mengine yote. Wakanipitisha, nikatakiwa kurekebisha marejeo.

Wenzangu walitaka tuagize soda. Niliwashukuru, nikasema kesho. Nikafika nyumbani saa kumi, nikalala na viatu. Nilipoamka giza lilikuwa limeingia, dada, aliyekuja siku hiyo, ameshamlisha mama, na kwenye meza kulikuwa na madaftari ya kidato cha tatu, mikondo miwili.