Kwapa Lenye Kona

Mkataji alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwake, na sifa ya bidii aliyopewa kwa hilo hakuistahili. Aliamka mapema kwa sababu vidole vilikakamaa, na alihitaji saa nzima kuvilainisha kabla watu hawajamwona. Alivizamisha katika beseni la maji ya moto, akavitoa, akazunguka chumba, akavirudisha. Nguo za vifungo alikwisha kuziacha. Alivaa magauni ya kupitishia kichwani. Mumewe alisema mke wake amependa mitindo, naye akamwacha aamini hivyo.

Katika duka lao la ushonaji walikuwa wawili, yeye na mdogo wake. Kwa miaka kumi na tisa mkubwa alikata, mdogo alishona, na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Mdogo hakupima tena vipande alivyopewa. Alishona tu. Walijivunia imani hiyo, na ndiyo iliyowaponza.

Wiki ile walikuwa na sare thelathini za wanafunzi wa uuguzi, za kukabidhiwa Ijumaa. Jumatatu mdogo alisimamisha cherehani.

"Dada, hili kwapa lina kona."

"Tangu lini kwapa likawa na kona?"

"Tangu leo. Kwapa huzunguka. Hili lako linageuka ghafla kama mtu aliyesahau funguo nyumbani."

"Kitambaa kinateleza."

"Ni kilekile cha mwaka jana."

"Basi miwani yako ndiyo ya mwaka jana. Shona, mama, siku zinakwenda."

Mdogo alicheka, akashona.

Kukata mviringo kunataka mkasi ufunguke na kujifunga kidogo kidogo, na dole gumba la mkataji halikukubali tena. Alikata moja kwa moja, akageuza, akakata tena. Na kwa kuwa alipanga kitambaa tabaka sita kwa mkupuo, kosa moja lilizaa sita.

Miezi minane nyuma daktari alikuwa amemweleza. Hii si baridi yabisi ya uzee, alisema. Ni ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe, ndiyo maana inauma mikono yote miwili na kukuchosha hata hujafanya kazi. Akampa vidonge vya kunywa siku moja tu kwa wiki, kidonge kingine cha kupunguza kichefuchefu, na tarehe za kupima damu. Alivinywa miezi mitatu. Vidole viliposhuka uvimbe, akajitangazia kupona, akaacha dawa bila kumwambia mtu. Uvimbe uliporudi, aliona aibu kurudi kliniki. Uongo wa namna hii majumbani mwetu hauitwi uongo. Huitwa uvumilivu, na mwenye nao husifiwa.

Jumatano matroni wa chuo alikuja na mwanafunzi kujaribisha sare. Msichana aliinua mkono, na kwapa likachanika.

"Sasa fundi," alisema matroni, "mgonjwa akianguka, huyu atamwinua kwa kitu gani? Kwa kidevu?"

Mkataji alitazama mezani, akatazama mlango. Kisha akasema, "Ni mshono huo. Nitaongea na mdogo wangu."

Mdogo alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Alifunika cherehani yake, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga.

Siku ile mkataji hakukaa. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Alifungua jora, akalikunja. Alipika, akasahau chumvi, akaonja, akasahau tena. Maumivu aliyazoea, hili la kumvunjia mdogo wake heshima ya miaka kumi na tisa kwa maneno matatu hakulizoea. Asubuhi mdogo hakufika dukani. Mkataji alitamani kumkimbilia, lakini alijua kwamba msamaha wa chumbani haufuti kashfa ya hadharani. Akaenda kwanza chuoni.

"Mshono hauna kosa," alimwambia matroni kabla hajakaribishwa kiti. "Nilikata vibaya mimi. Mdogo wangu nilimsingizia."

Matroni hakutazama uso wake. Alitazama mikono.

"Lete hapa. Asubuhi inachukua muda gani kukunjuka?"

"Saa moja. Siku nyingine mbili."

"Dawa?"

"Niliacha. Ilikuwa haiumi tena."

"Haiumi!" Matroni alimwachia mkono. "Moshi ukipungua ndiyo unaondoa maji, wakati paa linaungua ndani? Kiungo kikishalika, mama, hakirudi. Nenda kliniki leo, useme ukweli, na usijirudishie vile vidonge mwenyewe. Sare nitazingoja mpaka Ijumaa ijayo. Na huyo mdogo wako, ana bahati mbaya ya ndugu."

Neno hilo alilistahili, akalibeba. Kliniki walimtoa damu, wakamwanzishia dawa upya, wakamwambia wazi kwamba nafuu huenda ikachukua wiki kadhaa, na kwamba kidole cha shahada cha mkono wa kulia hakitanyooka tena.

Alimkuta mdogo wake akianua nguo uani kwake. Akamwambia yote, pamoja na ya chuoni.

"Kwapa ningekusamehe siku ileile," alisema mdogo. "Hata ugonjwa. Mficha maradhi, dada..."

"Usinimalizie."

"Sikumalizii. Lile la mbele ya matroni bado linaniuma, na litaniuma kitambo." Alikunja shuka, akalikunjua. "Kesho nakata mimi. Wewe utakaa unielekeze."

"Siwezi kukaa."

"Basi simama. Ila ukigusa kitambaa kabla ya saa nne, naondoka."

Kesho yake mdogo alitandika tabaka mbili tu, kwa woga. Mkataji alisimama nyuma yake, akaenda dirishani, akarudi, mikono imefumbatwa kwapani ili isinyooke yenyewe kuelekea mezani.

"Polepole hapo. Zungusha. Zungusha, nasema!"

"Dada, unaninyima hewa."

Akarudi dirishani. Saa ilikuwa mbili na robo.