Baiskeli Nyekundu ya Minza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mama alilipiga pasi ya mkaa baada ya kusikia nimepata kazi mjini, maana kwake mji na shati jeupe vilikuwa kitu kimoja. Fundi Mkuu wa karakana ya baiskeli pale Shinyanga alinitazama kuanzia kola hadi kandambili, kisha akanisogezea karai la mafuta ya taa lililojaa gololi chafu.

“Jina lako?”

“Naitwa Maduhu, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Osha hizi gololi zote, Maduhu. Yenye mkwaruzo tupa. Ukimaliza tutajua kama umekuja kazini au umekuja kuposa.”

Jioni shati lilikuwa na rangi ya udongo wa mbugani, na mimi nilikuwa nimeajiriwa. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nawasimulia ninyi vijana mnaonunua baiskeli zenye gia nyingi halafu mnatumia moja. Zetu zilikuwa na hiyo moja tu, nayo ilibeba gunia la pamba, mke, na mtoto mgongoni mwa mke. Lakini ilikuwa lazima fundi aipange vizuri. Ukimwekea mtu duara dogo la meno kwenye gurudumu la nyuma, atakwenda kasi kwenye tambarare na kulia kwenye kilima. Ukimwekea kubwa, kilima atakipanda akiimba, ila kwenye tambarare atakanyaga kama mshona nguo. Kwa hiyo kabla ya kushika spana tulimuuliza mteja anakaa wapi na hubeba nini. Siku hizi mnamuuliza rangi tu.

Nilipozijua gololi, nilihamishiwa Isaka, mahali baiskeli zetu zilipoteremshwa kwenye treni zikiwa vipande ndani ya masanduku. Msimamizi wa Ghala, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ndiye aliyenifundisha kusuka gurudumu: kupitisha spoku moja moja kutoka kwenye kitovu hadi kwenye rimu, kisha kuzikaza kidogo kidogo mpaka rimu izunguke bila kuyumba. Alikuwa akizigonga spoku kwa kucha na kutega sikio. Iliyolia tofauti na wenzake ilikuwa bado. Mpaka leo najivunia magurudumu yangu, na asiyependa majivuno yangu asome gazeti.

Kutoka Isaka nikapelekwa tawi la Geita. Huko wateja wetu walikuwa wachimbaji, na mchimbaji aliyeona dhahabu hakutaka baiskeli ya kwenda sokoni. Alitaka ya kuonwa. Nikajifunza kuzungushia fremu mikanda ya plastiki ya rangi, kufunga vioo kwenye usukani, kuvisha spoku shanga na kuning’iniza vishada kwenye mishikio. Kijana mmoja aliniambia, “Fundi, nataka nikipita, hata mbwa asahau kubweka.” Msimamizi wa Tawi hakuona shida. “Mteja akitaka kengele tatu,” alikuwa akisema, “usimuulize ana masikio mangapi.”

Nilirudi Shinyanga kichwa kimevimba. Fundi Mkuu alinikatisha mapema. “Hapa hatupambi. Baiskeli si bi harusi.”

Ndipo akaja Minza. Aliletwa na baba yake kutoka Ngokolo, akiwa amekaa kwenye keria kama mzigo, na alipoteremka niliona mguu wake wa kushoto ni mwembamba na haumtii. Ugonjwa wa kupooza ulimpata utotoni. Alikuwa amemaliza shule vizuri, na Ofisa wa Elimu alikuwa tayari kumpa kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika katika vijiji vya upande wa Ibadakuli. Shida ilikuwa njia. Ofisa alisema kabla ya msimu wa pamba kwisha awe anaweza kujipeleka mwenyewe, la sivyo kazi apewe mwingine.

“Mwangaluka, mzee,” baba yake alimwamkia Fundi Mkuu kwa Kisukuma. “Huyu binti anataka baiskeli. Nimemwambia haiwezekani, hasikii.”

“Nimeshajaribu ya baba,” Minza alisema. “Mguu wa kulia unasukuma pedeli chini vizuri. Ikifika chini inakaa huko huko. Huu mwingine hauna nguvu ya kuirudisha juu.”

Fundi Mkuu alitikisa kichwa kwa huruma. “Pole, binti yangu.”

“Ahsante, mzee. Lakini pole nimeshiba. Nimekuja kutafuta baiskeli.”

Nilicheka, nikakatwa jicho. Lakini akili yangu ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Pedeli ilikuwa inakaa chini kwa sababu ya friwili. Friwili ni lile duara la meno la nyuma ambalo hukuruhusu kuacha kukanyaga huku baiskeli ikiendelea. Ule mlio wa tiki-tiki-tiki mtu anapoteremka ni wa kwake. Ukiinyima friwili uhuru wake, ukaifunga isizunguke peke yake, basi maadamu gurudumu linakwenda, na pedeli zinakwenda. Mguu wa kulia ungesukuma, gurudumu lingerudisha pedeli juu, na mguu wa kushoto ungebebwa tu.

Nilipomweleza Fundi Mkuu, alifoka mpaka wauza nyanya wa ng’ambo wakageuka. Aliwahi kumwona mtu akiteremka na baiskeli ya namna hiyo. Pedeli zilimshinda mbio, zikamtupa kwenye miiba. “Friwili inasamehe,” alisema. “Ukichoka inakuacha upumzike. Ukiifunga, gurudumu linakuwa bosi wako!”

“Mimi sijawahi kupumzika, mzee,” Minza alijibu. “Hata kutoka kitandani kwenda mlangoni nafanya kazi.”

Fundi Mkuu alijikuna shingo. Mwisho alikubali kwa masharti. Baiskeli iwe na breki imara ya mbele. Na kabla Minza hajaitoa barabarani peke yake, aingie kwenye mashindano ya mwendo wa polepole siku ya Sabasaba, yeye akitazama. “Mbio hata gunia linakwenda likisukumwa,” alisema. “Anayeweza kwenda polepole bila kuanguka, huyo ameiweza.”

Nilichagua fremu ya kike, isiyo na bomba la juu. Friwili niliichomelea kwa shaba, nikaishikiza na kitovu isije ikafunguka akirudisha pedeli nyuma. Kwenye pedeli ya kushoto niliweka mkanda mpana wa ngozi wa kuushika mguu bila kuubana. Nikamwita Minza aione. Nilitegemea wabeja nyingi, ahsante zetu za Kisukuma. Aliizunguka pande zote.

“Nyeusi?” aliuliza.

“Baiskeli zote ni nyeusi.”

“Kaka Maduhu, nimesikia ulikuwa Geita. Tangu utotoni watu wananiangalia mguu. Nikipita sokoni, macho yote kwenye mguu. Kuangalia hawataacha, basi wapate kitu cha kuangalia. Nipambie.”

Nilimtazama Fundi Mkuu. Alijifanya anatafuta spana, na spana ilikuwa mkononi mwake. Jioni ile nilipaka rangi nyekundu, na kesho yake asubuhi nilikuta mtu ameacha kengele mpya inayong’aa juu ya benchi langu. Sikuuliza. Nilifunga vioo viwili, shanga za njano kwenye spoku, vishada kwenye mishikio, na madigadi nikazing’arisha mpaka ukaweza kujitazama meno.

Tulijifunzia kwenye barabara ya Ibadakuli kwa sababu ni tambarare. Mwanzoni nilikimbia nyuma nimeshika keria, yeye akipiga kelele nimwache, na nilipomwacha alianguka na kunilaumu kwa kumwachia. Alichubuka viwiko. Alinuna, akarudi, akaanguka tena upande mwingine. Lakini siku ile gurudumu liliposhika mwendo, miguu yote miwili ikazunguka kwa pamoja. Akaenda mbele yangu akibonyeza kengele bila sababu, kanga ikipepea, na mimi mtu mzima nilisimama katikati ya barabara nikilia.

Sabasaba uwanja ulijaa. Minza alipotembea kwenda kwenye mstari wa chokaa, nilisikia akina mama wakinong’ona, “Maskini, yule naye.” Wengine wote walikuwa wanaume wenye baiskeli nyeusi. Sheria ilikuwa rahisi: atakayefika wa mwisho ndiye mshindi, na anayegusa chini ametoka. Filimbi ilipolia, wanaume wakaanza kukata usukani huku na huku na kudondoka kama maembe. Minza alikwenda hatua ya kinyonga. Kwa kuwa pedeli zilishikana na gurudumu, aliweza kusogea kidogo mbele, kurudi kidogo nyuma, na kusimama pale pale akitikisika. Manong’ono yaliisha. Mtu akapiga kelele, “Hiyo nyekundu ni ya nani?”

Alibaki peke yake uwanjani. Mshindani mmoja aliyetoka mapema alilalamika kwamba baiskeli ile imefanyiwa hila. Kabla waamuzi hawajajibu, Fundi Mkuu alikuwa ameshaingia uwanjani.

“Hila gani? Friwili imefungwa, ndiyo! Ukitaka yako ifungwe, njoo karakana nikufungie, halafu tuone utafika wapi na hayo makalio yako!”

Uwanja ulicheka mpaka mlalamikaji naye akacheka. Ofisa wa Elimu, aliyekuwa amekaa jukwaani, alishuka akamsalimia Minza. Aliiinamia baiskeli, akajiona kwenye kioo, akaweka tai sawa.

“Umeshinda kwa kuchelewa,” alimwambia. “Darasani je, utawahi?”

“Mzee, nikitaka kuchelewa nachelewa, nikitaka kuwahi nawahi. Yote nayaweza.”

“Basi Jumatatu wahi.”

Aliwahi. Alifundisha vijiji vile kwa miaka mingi, hata zile nyakati ngumu ambazo tairi zilikuwa haba na sisi mafundi tulishona tairi kuukuu kwa waya na kuziba mipira iliyokwisha kuwa viraka vitupu. Kila mwaka alileta baiskeli nipake rangi upya, nyekundu ile ile, nami nikimtania kwamba ataimaliza rangi ya Shinyanga yote. Fundi Mkuu alistaafu akaniachia karakana na ukali wake. Baadaye nami nilistaafu, macho yaliposhindwa kuona tundu la spoku. Minza aliolewa Ushirombo, akazeeka huko, na huko Mungu akamchukua. Nililia kama nimefiwa na dada.

Vijana wananiuliza kama kazi ya baiskeli ilinipa chochote. Nyumba ilinipa, ya bati, na watoto walisoma. Lakini nitawaambia kilichonipata juzi juzi. Nilikuwa dukani Ngokolo nikingoja sukari, na pembeni yangu mzee mmoja alikuwa akisoma gazeti kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Nikamuuliza alisoma wapi.

“Kwetu kijijini, karibu na Ibadakuli. Ukubwani. Alitufundisha Mwalimu Minza.”

Nilimgeukia. “Yule wa mguu?”

Alishusha gazeti, akakunja uso. “Mguu gani?”

“Si alikuwa na mguu mmoja mbovu?”

Alifikiri sana. “Labda alikuwa akichechemea kidogo. Sikumbuki vizuri. Lakini baiskeli yake!” Na mzee yule akasimama pale dukani, akaanza kunionyesha kwa mikono: vioo hapa na hapa, shanga kwenye spoku, vishada, ile rangi nyekundu waliyokuwa wakiiona inakuja kutoka mbali, watoto wakikimbia kuipokea, na kengele.

Sikumwambia mimi ni nani. Nilimwomba anieleze tena, taratibu, kuanzia kwenye vioo.