Kondoo kwa Ajili ya Mgongo wa Nosim

Mkungu wa ndizi ulimponyoka Nosim katikati ya njia iendayo boma la Wajerumani, naye akaufuata chini. Hakuwa amejikwaa. Magoti yalikataa tu, kama punda anavyokataa kuvuka mto. Alipoinua uso aliviona viatu vya ngozi vya Koikai, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akipita na fimbo yake begani.

"Pole, shemeji," Koikai alisema, akamwinua kwa mkono mmoja. "Mwezi ujao tunasafisha mfereji. Ikiwa ndizi zinakuangusha, jembe utalishikaje?"

"Nitalishika."

"Sikukatazi. Ila ukishindwa, mimi nipo. Ndiyo kazi ya ndugu."

Nosim aliyaelewa maneno hayo hadi mzizi wake. Katika miteremko ile ya Meru, Mwarusha asiye na maji ya mfereji hakuwa na migomba kwa muda mrefu. Kila mwaka kabla ya kiangazi, kila nyumba ilipewa kipande chake cha mfereji uliochepuliwa kutoka Mto Themi. Kilipaswa kuchimbuliwa kwa siku moja, hadi fimbo ya kipimo ya Simel, msimamizi wa mfereji, izame mpaka kwenye alama. Aliyeshindwa alimaliziwa na jamaa yake, na zamu ya maji ikamhamia jamaa huyo. Maji yakihama, shamba nalo halikawii kuyafuata. Tangu zamani hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini wanaume walipoanza kuchukuliwa kupasua mawe na kubeba mizigo ya serikali, wazee walikubali kwamba mjane achimbe mwenyewe.

Lengai, mume wa Nosim, alikuwa mmoja wa waliochukuliwa. Alibeba mzigo wa serikali kuelekea pwani, na kilichorudi ni habari ya homa tu. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Nosim alikuwa amefikia umri ambao mwanamke huanza kuitwa bibi huku bado akitumwa kama msichana. Alikama, alilima, alipeleka boma mikungu ambayo Wajerumani waliidai nyumba yake, akamwogesha mama mkwe wake, Sinyati, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka na dunia. Chakula alikila akiwa amesimama, mkono mmoja ukikoroga chungu.

Baada ya kuanguka, aliona dawa ni kuongeza kazi. Kila alfajiri alikwenda nyuma ya nyumba kuchimba ardhi ngumu, ili mikono izoee. Siku ya nne kibuyu cha maziwa kikamteleza mikononi. Sinyati, aliyekuwa ameketi karibu na moto, aliyatazama maziwa yakinywewa na majivu.

"Kesho unaingia uzazi," alisema.

Nosim alidhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. "Yeyo, mama yangu, nimezaa nini? Mwanao amekufa mwaka wa pili sasa."

"Mwanamke akizaa huchinjiwa kondoo, hunyweshwa mafuta, akawekwa ndani asiinue hata ungo. Kwa nini?"

"Kwa kuwa nguvu zimemtoka."

"Haya, mama, niambie. Wewe zako zimebaki wapi?"

"Yeyo, nikilala, mfereji utachimbwa na nani?"

"Usipolala, utachimbwa na Koikai."

Nosim aliyazoa majivu yaliyolowa maziwa. Sinyati akatuma ujumbe Kisongo, kwa Lerionka, kaka yake Nosim, ambaye alikuwa mfugaji. Lerionka alifika na kondoo mwenye mkia mnene hata akawa anatembea taratibu kama mgeni wa heshima. Nalepo, binti wa Nosim aliyekwisha kuolewa, aliitwa kushika mikungu ya boma kwa muda.

Habari ziliwafikia wanawake waliokuwa wakiteka maji mtoni kabla nyama haijaiva.

"Nosim yuko uzazini!"

"Amezaa nini, jamani?"

"Mapacha! Mgongo na kiuno!"

Walicheka hata mitungi ikamwagika. Hata hivyo, desturi ni desturi: nyumba iliyochinjiwa kondoo wa uzazi haipitwi mikono mitupu. Mmoja mmoja walifika na mzigo wa kuni au mtungi wa maji, macho yakitafuta kituko. Walimkuta mwenzao amelala juu ya ngozi, mashavu yameingia ndani, na kicheko kikawakauka. Namnyaki, mama wa watoto sita, alikawia mlangoni kuliko wote. Mwishowe aliuliza kwa sauti ndogo kama kondoo yule alikuwa na ndugu yake.

Kupumzika kulimshinda Nosim kuliko jembe. Siku ya tatu alinyata kwenda nje akapalilie. Akakuta fimbo ya Sinyati imelazwa kizingitini, na mwenyewe Sinyati ameketi nyuma yake. Siku ya tano, mikono ikiwa haina la kushika, alimlilia Lengai. Alilia asubuhi ile yote, kilio alichokuwa amekibeba miaka miwili kwa kukosa mahali pa kukitua. Sinyati hakumnyamazisha. Alimwekea supu ya mizizi pembeni.

"Lia ushibe," alisema, "kisha ule."

Siku ya kumi kibuyu kilitulia mkononi. Siku ya ishirini alipanda hadi kwenye kona ya mfereji na kushuka bila kusimama.

Siku ya kazi ilipofika, Nosim alichimba kama mtu anayeujua urefu wa siku: hakukimbia wala hakulegea. Adhuhuri, nusu ya kipande ikiwa bado, alilisimika jembe, akaketi kivulini mwa mgomba na kufungua kibuyu chake. Koikai, ambaye kipande chake kilifuata upande wa chini, alikuwa tayari amekiacha mara tatu kuja kuchungulia.

"Jamani, mzazi ameketi!" alipaza sauti. "Mleteeni mtoto anyonye!"

Kicheko kilipita mferejini kote. Nosim alikunywa hadi tone la mwisho, akajifuta midomo.

"Mtoto ni huu mgongo, shemeji. Amenyonya, ameshiba. Rudi ukaangalie wako, usije ukalia."

Safari hii kicheko kilimgeukia Koikai. Nosim alinyanyuka, akashika jembe, na udongo ukaanza kuruka. Jua lilipoegemea upande wa Kisongo, Simel aliteremka na fimbo yake. Akaichomeka katika kipande cha Nosim. Ikazama mpaka kwenye alama.

"Imezama!"

Wanawake walipiga vigelegele, na cha Namnyaki kikawa kirefu kuliko vyote. Simel akashuka kwa Koikai. Alama ya fimbo ilibaki juu, shibiri nzima. Akapima mara ya pili, na ya tatu. Mtu aliyeshinda akichungulia shimo la mwenzake alikuwa amesahau lake.

"Nani jamaa yake atamalizia?" Simel aliuliza, kama desturi ilivyotaka.

Koikai alitazama vidole vyake vya miguu. Nosim akateremka na jembe begani.

"Mimi ni jamaa yake."

Alichimba huku kundi zima likitazama, na hakupumzika kwa sababu hakuhitaji. Fimbo ilipozama, aligeuka.

"Mzee Simel, maji haya sasa ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi namrudishia. Ila mikungu ya boma, juma moja nitabeba mimi, juma moja atabeba yeye. Juma lake, mimi nitalala mchana."

"Shemeji, kila juma la pili?" Koikai alinung'unika.

"Kila juma la pili. Ukichoka utuambie, tutakuchinjia kondoo."

Hata Simel alishindwa kujizuia. Alicheka hata fimbo ikamponyoka. Kisha lango la mfereji likafunguliwa. Maji yalishuka kwa kishindo, yakisukuma majani makavu na povu, yakapita kipande cha Nosim bila kusita, yakageukia kwenye migomba yake. Alitembea kando yake hadi nyumbani, akiyaacha yatangulie.

Sinyati alikuwa ametandika ngozi, na sahani ilikuwa imejaa. Nosim aliketi, akanyoosha miguu, akala hadi akamaliza.