Posa na Gari la Kuvutwa

Sikuondoka Unyambwa kwa kupenda. Rafiki yangu Hosea alitaka kuoa binti wa kijiji cha Misigiri, akaniomba niwe mshenga wake, na ombi la namna hiyo hulikatai. Mzee Kitundu, baba wa binti, alikuwa ametuma neno: tufike asubuhi, wazee watakuwa wamekaa. Tukichelewa wakatawanyika, tusahau. Mchumba mmoja walikwisha kumrudisha.

Asubuhi nilipofungua lango nikakuta Hosea kaegesha nyumba. Sitanii. Gari refu jeupe lenye kitanda, jiko na choo ndani, alilouziwa Arusha na Wajerumani waliokuwa wakizunguka nalo. Ndiyo makazi yake, huzunguka nalo akipikia watalii. Nyuma yake Suzuki ndogo imefungwa kwa chuma.

"Hiyo imekufa?" nikauliza.

"Nzima kabisa. Kubwa ukiliegesha, unatembelea ndogo."

Nikapanda, lakini kusema kweli sikuelewa. Kwetu gari likivutwa ni bovu, basi.

Iguguno tulipewa pole kama wafiwa. Dereva mmoja wa lori alipunguza mwendo, akachungulia: "Poleni jamani! Ni gia boksi?" Hosea akamjibu ni zima. Yule bwana akatikisa kichwa, akaenda zake.

Karibu na Misigiri njia ya kwa Mzee Kitundu inachepuka katikati ya kilima, nyembamba, miiba imefunga juu. Nyumba haiwezi kupita pale. Hosea akasimama palepale kwenye mwinuko, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya Suzuki, akashika pini inayounganisha magari. Haikutoka. Akagonga kwa nyundo. Wapi!

"Suzuki imening'inia, imeibana pini," akasema. "Narudisha kubwa nyuma kidogo, chuma kilegee. We vuta."

Maneno mepesi hayo. Gari kubwa lilipoanza tu kurudi, watu wakatoka mbio kwenye shamba la alizeti: "Linarudi! Jiwe! Jiwe!" Tairi la nyuma likawekewa jiwe kama kichwa cha ng'ombe. Watu wa huku wamezoea mteremko wa Sekenke, wameona malori yakiwashinda madereva. Gari kubwa likirudi nyuma huulizi, unatupa jiwe.

Nikashukuru, nikaliondoa. Hosea akajaribu tena, mama mmoja akaweka lake. Nikaliondoa hilo pia. Mara ya tatu mtu akapiga kelele "Jiwe!" na mkono ukatupa jiwe. Mkono wenyewe ulikuwa wangu.

"Hata wewe?" Hosea akapaza sauti kutoka dirishani.

Nitasema nini? Nilichanganyikiwa. Wakati huohuo fundi mmoja wa pikipiki alikuwa ameshafungua boneti ya Suzuki, hakuna aliyemwita. Akaiwasha, ikanguruma vizuri, akanikazia macho kama nimemtapeli. "Mbona nzima? Sasa mnaiburuta ya nini?"

Simu yangu ikaita. Rahel, binti mwenyewe, anaongea kwa kunong'ona: "Kaka, mko wapi? Baba kaambiwa mnakuja mnaburuta gari bovu. Wazee wameshaanza kutafuta fimbo zao waondoke."

Hapo hasira zikanipanda. Nikasimama katikati ya barabara. "Jamani, asanteni sana! Sasa kila mtu ashike jiwe lake mkononi. Mkononi! Asitupe mpaka niseme." Wakajipanga pembeni, kila mtu na lake. Hosea akaliachia gari likarudi kiganja tu. Nikavuta pini, ikatoka kama jino la mtoto. Watu wakashangilia. Fundi bado aliuliza gari linaumwa nini.

Tulifika kwa Mzee Kitundu na Suzuki, tukakuta viti vingine vimeshaachwa wazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Gari limepona?"

Nikaeleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojipoteza, hadi mzee mmoja akauliza kama na hiyo nyumba nayo huvutwa. Mzee Kitundu hakucheka. Akamgeukia Hosea: "Kijana, nyumba yako ina magurudumu. Leo iko hapa, kesho Arusha, keshokutwa sijui. Nikimtaka binti yangu, nimfuate wapi?"

Mimi mshenga nikarudia kwamba gari ni zima. Wazee wakasema tutaitwa. Wote tunajua maana ya kuitwa kwa namna hiyo.

Wakati wa kurudi Mzee Kitundu alitusindikiza hadi barabarani, kwa heshima tu, nadhani. Akapanda ndani ya gari kubwa, akagusa jiko, akakalia kitanda, akashuka. Akamwangalia Hosea anavyoifunga Suzuki. Nami nikaeleza tena, safari hii bila kujipamba: kubwa likisimama mbali, ndogo inafunguliwa, mtu anaendesha anakotaka.

"Hata mwanamke?"

"Hata mwanamke, baba. Rahel si ana leseni?"

Akaweka mkono juu ya boneti ya Suzuki. Nilichojifunza nilijifunza hapo: siku nzima nilimtetea Hosea kwamba gari lake si bovu, wala hilo silo lililomsumbua mzee.

"Kwa hiyo hii," akasema polepole, "ndiyo atakayorudi nayo nyumbani binti yangu."

"Ndiyo, baba."

"Mwambie mwenzako alete wazee wake."