Mzee Asiyetuliza Kichwa

Wanaume wengine wakifunga biashara hurudi nyumbani na ng'ombe wa maziwa, au pikipiki, au mke wa pili. Wangu alirudi na mfuko wa fimbo za gofu. Miaka tuliyoishi mjini Salama, kule Makueni, tukiuza saruji na mabati kando ya barabara kuu, wateja wakubwa walikuwa wakimwalika kucheza Jumamosi, na mchezo ukamwingia kwenye damu. Tulipofunga duka tukarudi kwao Migwani, akaligeuza shamba tulimovuna ndengu kuwa kiwanja. Nyasi hakuna. Kuna vumbi, mabua na kinyesi cha mbuzi.

Mimi sichezi, lakini kosa lake nalijua kuliko ninavyozijua nyimbo za kwaya. Anainua kichwa. Anasimama vizuri, magoti yamelegea, fimbo inapanda, mabega yanageuka, halafu kabla fimbo haijaufikia mpira, kichwa kimeshanyanyuka kwenda kuutafuta, na wenyewe bado uko chini. Kichwa kikipanda, kifua kinafuata, kiuno nacho kinayumba, na fimbo inakata hewa. Au inachimba shamba. Kwa mashimo aliyochimba, tungekuwa tumeshapanda mahindi.

"Kichwa!" nilikuwa nikipiga kelele kutoka jikoni.

"Nimetuliza!"

"Umetuliza nini, na kofia imeanguka!"

Mwishowe akanipa kazi. Nisimame mbele yake, kando kidogo, nimwekee kitu kirefu kwenye paji la uso ili kichwa kikisogea ahisi. Kitu kirefu nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa mwiko wa ugali. Sasa, kwetu mwanamume haguswi na mwiko. Hata Kiswahili kinalijua hilo, ndiyo maana jambo lisilofanywa nalo huitwa mwiko. Nilimwambia, akasema adui yake ni kichwa, si kijiko cha jikoni. Basi tukasimama shambani hivyo, mimi nimemlenga mume wangu usoni, na mama mmoja kijana wa kanisani kwetu akapita na punda wake wa maji.

"Mwaitu," akaniita, kama anavyomwita mama yake mzazi. "Kwani mzee amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Ni gemu."

"Gemu ya mwiko? Ai, mwaitu, si ungemwongelesha tu pole pole?"

Jumapili hiyo mchungaji alihubiri juu ya amani ya nyumbani, macho yakiwa kwangu tangu mwanzo hadi amina.

Hayo ningeyavumilia kama si salamu. Kwetu anayepita huwasalimu walio shambani, nao lazima waitikie, na mzee wangu haachi salamu ipite bure. Fimbo ikiwa juu, akisikia sauti, kichwa kinanyanyuka. Asubuhi moja hata hakungoja sauti. Aliona mtu amesimama kando ya barabara, akamsalimu. Kimya. Akamsalimu tena, akamwuliza watoto wako aje, mvua je. Kimya.

"Watu wa siku hizi hawana adabu," akasema, akaurudia mpira wake kwa hasira.

Nikatazama. Lilikuwa gunia la ndengu, limesimamishwa pale likingoja gari la mnunuzi.

Sikuweza kucheka. Niliogopa. Nikaikumbuka chai aliyokuwa akiimimina nje ya kikombe, na Biblia aliyokuwa ameanza kunipa nimsomee, eti nina sauti nzuri. Nikamwambia twende hospitali ya macho Kitui mjini. Akasema macho yake ni mazima, lilikuwa jua tu. Nikambembeleza, nikagomba, nikanuna. Nikamwambia macho hayangoji ukaidi wa mtu. Wapi! Ukimvuta punda asiyetaka kwenda, anakaa. Kila asubuhi alitoka na fimbo zake, akainua kichwa, akachimba shamba, nami nikamkemea kwa hasira ambayo haikuwa tena ya gofu.

Halafu siku moja, nikipepeta ndengu mlangoni, nikasikia mpira ukilia ule mlio mkavu ambao sikuwa nimeusikia tangu tuhamie. Ukapaa juu ya ua wa minyaa ukaenda zake. Yeye alikuwa bado ameinamia pale ulipokuwa. Akauweka mwingine. Mabega yakageuka, kiuno kikageuka, kichwa hakikutikisika. Ukapaa nao. Na mwingine. Niliacha ungo nikamkimbilia nikipiga makofi.

"Baba, leo umeweza! Kichwa hakijasonga hata kidogo!"

"Kumbe ni rahisi," akasema, bado anatazama chini. "Nilikuwa nainua kwa vile nilikuwa nataka kuona mahali inaenda. Sasa hata nikiinua siioni. Nikaacha kujisumbua."

Nilikasirika kuliko siku zote. Nilimkasirikia yeye, na mipira, na yale makelele yangu yote ya kichwa, kichwa, kichwa. Nikamnyang'anya fimbo nikaitupa.

"Inua kichwa," nikamwambia. "Inua, mzee. Niangalie."

Akainua, akatabasamu, akaangalia mahali kidogo kando ya sikio langu.