Seva Mbili na Mbegu za Matombo

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu akisikia atanuna. Nilikuwa kijana, mwanangu, fundi wa kompyuta katika hospitali moja hapa Morogoro Mjini, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilikuwa nimefunga seva mbili pacha, yaani kompyuta za kutunzia taarifa za wagonjwa: kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza, papo hapo kinaandikwa na kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ishike kazi, wagonjwa wasijue. Nikazipanga pamoja kabatini, zikapendeza.

Mkuu wangu, Bi Mwanaidi, mzaliwa wa Matombo kama mimi, alizitazama akaniuliza, "Bibi yako mbegu za mahindi anazitundika wapi?"

"Juu ya meko, mama. Nyingine anapeleka kwa dada yake, ng'ambo ya mto."

"Kwa nini asitundike zote kwake?"

"Nyumba ikiungua, tutapanda nini?"

"Haya. Hawa pacha wako mbona umewalaza kitanda kimoja?"

Niliona haya, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaihamishia seva ya pili jengo la juu, lenye umeme wake. Hata hapo hakuridhika. Kila Ijumaa asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa, alichomoa waya wa mojawapo makusudi. "Pacha asiyewahi kubeba mzigo peke yake," alisema, "usimwamini siku ya safari."

Ikaja masika. Mvua ya milima ya Uluguru ikashusha maji hadi chumbani kwetu, seva ya kwanza ikazama, ikazima. Wakati huohuo mama mmoja alikuwa anapelekwa kupasuliwa ili ajifungue, na kundi lake la damu lilikuwa humo ndani. "Kompyuta imeganda!" nesi akapiga kelele kwenye dawati lake, nje ya mlango wetu. Mara kioo kikapepesa, jina la yule mama likarudi, na kundi lake la damu chini yake. Seva ya pili imepokea kazi! Nilirukaruka kwenye maji nikishangilia, suruali yote tope. Mama na mtoto wakatoka salama.

Bi Mwanaidi alicheka hadi machozi, kisha akasema, "Sasa tumebaki na moja. Tafuta nyingine kabla ya Ijumaa."

Akiba haiozi, mwanangu, ila akiba inayolala na mali chumba kimoja itazama nayo. Iweke mbali, na uijaribu siku ya amani. Mungu akubariki, na mvua ya mlimani ikishuka, ikukute unacheka.