Paka Aliyeoshwa kwa Dawa ya Ng'ombe

Nilifika Mogogosiek, huko Konoin, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Safari yenyewe ilikuwa imeanza Isiolo siku nne kabla ya hapo. Nilikuwa nimelinda ghala la mtu huko kwa miezi kumi, na asubuhi moja niliamka nikaona mahali pamenichosha, kama palivyonichosha Naivasha, Narok na kwingine ambako nimewahi kutandika godoro. Lori la kwanza lilinitoa hadi Nyahururu. La pili, lililobeba mbao, likaniacha Nakuru. Londiani nilikaa siku nzima nikisaidia kupakia viazi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, hadi nikapata gari la Kericho. Hapo dereva wa lori la chumvi akaniambia, "Ukikubali kunishushia mzigo Konoin, panda juu." Nikapanda. Sikuwa na sababu ya kwenda Konoin, wala sikuwa na sababu ya kwenda kwingine.

Mzigo ulikuwa wa duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa umri kama wangu, mwenye gambuti miguuni hata akiwa kaunta, na pikipiki iliyokuwa na matope hadi kwenye taa. Alinitazama nikibeba magunia mpaka la mwisho, kisha akaniuliza, "Umesoma ukaishia wapi?"

"Fomu foo."

"Basi unaweza kusoma kilichoandikwa kwa chupa. Kijana wangu wa kaunta ameenda Nairobi. Unakaa?"

Nilikaa karibu miaka miwili. Kwangu mimi huo ni muda mrefu.

Daktari alinitafutia chumba kwa mzee mmoja aliyekuwa amestaafu ukarani wa kituo cha kununulia majani chai. Mke wake alikuwa amefariki, watoto walikuwa mbali, na nyumba ilikuwa kubwa kuliko mtu mmoja. Alikuwa na ng'ombe watatu, mashamba mawili ya chai, na paka dume wa kijivu aliyekuwa na sikio moja lililochanika. Kila nyumba ya upande ule ilikuwa na paka, kwa ajili ya panya wa ghala la mahindi. Lakini mzee wangu alikuwa tofauti kidogo. Paka wake alikuwa na sahani yake. Alikuwa na gunia lake kando ya jiko. Mzee alikuwa akizungumza naye wakati wa kukamua, kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini, na nilipotokea alinyamaza, kana kwamba nimemkuta akivaa.

Nilijifunza mambo ya paka kwa daktari, si kwa sababu alikuwa na paka wengi wa kutibu, bali kwa sababu hakuwa nao. Watu walileta ng'ombe, ndama, kondoo, na mbwa wachache. Paka walikufa nyumbani, kimya. Jambo hilo lilimkera. Alikuwa na daftari lenye nafasi ya kuandika aina ya mnyama, umri, na mwenyewe. Ukimuuliza mtu habari za ng'ombe wake, alikutajia mama yake na nyanya yake. Ukimuuliza huyu paka ni wa nani, alisema, "Ni wa boma tu."

"Boma halijui kama amekula," daktari alikuwa akisema. "Boma halijui kama amechanjwa. Lazima kuwe na mtu mmoja wa kuulizwa."

Alirudia mambo machache kila mara, hadi nikayajua kama njia ya kwenda dukani. Kwamba paka mkubwa hahitaji maziwa, wengine yanawaharisha, anachohitaji ni maji safi na chakula chenye nyama au dagaa. Kwamba kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake, na paka naye huchanjwa. Kwamba dume akihasiwa anapunguza kuzurura na kupigana, na jike akihasiwa hamtakuwa na vitoto vya kutupa mtoni ndani ya gunia. Kwamba ukiweka sumu ya panya, paka atakula yule panya na wote wawili watakufa. Kwamba kidonge cha maumivu cha binadamu, hata nusu, humuua. Lakini maneno aliyoyapenda kuliko yote yalikuwa haya: "Paka si ng'ombe aliyepunguzwa." Alimaanisha kwamba huwezi kuchukua dawa ya ng'ombe, ukagawa kwa uzito, ukasema hii ni ya paka.

Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi. Ndiyo maana yaliyofuata hayana udhuru.

Alhamisi ilikuwa siku ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Maboma mengi yalikuwa na pampu ya mgongoni, na asubuhi harufu ya dawa ilisikika kuanzia kwenye chai hadi barabarani. Alhamisi moja daktari alikuwa amekwenda upande wa Merigi kuzalisha ng'ombe aliyekwama. Mimi nilikuwa peke yangu kaunta. Siku za namna hiyo watu waliniita daktari, na sikuwakataza. Mama mmoja alikuja akaondoka akisema, "Asante daktari." Mwingine akasema, "Daktari, hii ndama inakohoa." Ilikuwa ni mzaha wao na ilikuwa ni heshima pia, na mimi nilichukua heshima nikaacha mzaha.

Mzee wangu aliingia karibu saa sita. "Daktari," naye akasema, akicheka, "paka amejaa viroboto. Anajikuna mpaka nashindwa kulala."

Kulikuwa na dawa mbili za kupe dukani. Moja ilikuwa ya kawaida, ile waliyoitumia karibu wote. Nyingine ilikuwa ya kupe sugu, ilikaa rafu ya juu, na daktari aliiuza yeye mwenyewe baada ya kumuuliza mtu maswali. Nilifikiri viroboto ni wagumu, nikafikiri kitu kikali kitamaliza kazi mara moja. Niliteremsha chupa ya juu, nikamiminia mzee kiasi kidogo kwenye chupa tupu ya soda. Nikamwambia, "Nusu kifuniko kwa lita ya maji. Mpake mwili mzima, usimsuuze." Nilisema kwa sauti ya daktari.

Nilipofika nyumbani jioni, jua bado lipo, mzee alikuwa amepiga magoti kando ya jiko. Paka alikuwa amelala ubavu, anatetemeka miguu yote minne, mate yanamtoka hadi shingo imelowa. Tulimweka kwenye kikapu cha kuchumia majani, tukamfunika kwa sweta, tukaenda kwa mguu hadi dukani. Daktari alikuwa amerudi, anaosha gambuti. Majirani wawili waliokuwa wamekaa kwenye baraza ya duka walichungulia kikapuni.

"Mzee, majani yako leo yana mkia?" mmoja aliuliza.

"Yapeleke kiwandani, watakupimia!" mwingine akasema, wakacheka.

Mzee alipita katikati yao hadi ndani. Daktari alimweka paka mezani, akamsafisha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mara tatu, mimi nikishika taulo. Kisha akauliza, "Amepakwa nini?"

Mzee alinitazama mara moja tu. "Nilikuwa nimebakisha dawa kwa pampu. Ile ya ng'ombe. Nikasema si vizuri kumwaga."

"Ile ya kawaida?"

"Ile ya kila Alhamisi."

Daktari aliinua kope la paka. Mboni zilikuwa zimesinyaa, zimebaki kama ncha ya sindano. Alikaa akizitazama. "Hailingani," alisema. "Ile ya kawaida ingemlegeza tu, angelala, mboni zingepanuka. Huyu anatoa mate na kutetemeka. Mzee, una hakika?"

"Daktari, mimi ni mzee wa kanisa."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Chupa ilikuwa juu ya kichwa changu, rafu ile ile. Nilikunja taulo, nikalikunjua, nikalikunja tena. Daktari alieleza, kama akizungumza na yeye mwenyewe, kwamba iko sindano ambayo ingemfaa kama ingekuwa dawa ya kundi jingine, lakini akimdunga huyu ambaye amepakwa ya kawaida anaweza kummaliza. Kwa hiyo hakumdunga. Alimpa ya kutuliza mtetemeko na maji chini ya ngozi, akatuambia tumweke mahali penye joto, tusimlazimishe kula.

Njiani nilimuuliza mzee kwa nini alisema vile.

"Umekula kwangu," alisema. "Mtu aliyekula kwangu siwezi kumpeleka kwa bosi wake kama mwizi wa kuku."

"Lakini paka?"

"Paka ni paka." Alibadilisha mkono wa kushika kikapu. Baada ya hatua chache akasema, "Utanyamaza na mimi nitanyamaza. Akipona, tumeshukuru."

Sikumwona akilala usiku huo, wala mimi sikulala. Alfajiri paka alikuwa bado anapumua, lakini pumzi zilikuwa na sauti ya maji, na alikuwa hawezi kuinua kichwa. Mzee alikuwa amemshikia mdomo kwa kitambaa, anamfuta mate. Hakunitazama. Niliona kwamba angemwacha paka afe kuliko kuvunja neno lake kwangu, na kwamba hakuliona jambo hilo kuwa kubwa. Lilikuwa ni jambo la kawaida kwake, kama kumpisha mgeni kiti.

Nilikwenda dukani nikitembea haraka. Daktari alikuwa anafungua kufuli.

"Ilikuwa ya rafu ya juu," nilimwambia. "Niliipima mimi. Mzee alinifichia tu."

Daktari alirudisha kufuli mlangoni. Alichukua mkoba, akawasha pikipiki, nikapanda nyuma. Nyumbani alimdunga paka sindano ile, akasubiri akiangalia saa ya simu, akamdunga tena kidogo. Mate yalikauka kabla chai ya mzee haijachemka. Mboni zilifunguka polepole. Baada ya saa moja pumzi zilikuwa kavu.

"Huyu mgonjwa wangu haongei," daktari alisema, akiwa bado amechuchumaa. "Ng'ombe naye haongei. Mimi nategemea yule anayemleta. Ukinipa hadithi ya uongo, natibu hadithi, simtibu mnyama." Alimgeukia mzee. "Na wewe uliniapia kwa kanisa."

Mzee aliinamisha kichwa. "Ni kweli, daktari."

"Paka huoga kwa ulimi. Chochote unachompaka ngozini, amekunywa. Mnasikia wote wawili?"

Tulisikia. Aliondoka bila kunywa chai, na upande ule hilo si jambo dogo.

Nilidhani mzee angenishukuru. Alisonga ugali wa mchana akakaa, akaniambia bila hasira, "Sasa umeniacha na uongo peke yangu. Wewe umetoka msafi."

Niliinuka nikamwekea paka maji safi.

Jumapili alimpelekea daktari mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, akamwomba msamaha mbele ya watu waliotoka kanisani. Daktari naye hakunifukuza. Aliondoa tu chupa zote za rafu ya juu, akazifungia ndani, na ufunguo akaufunga pamoja na wa pikipiki. Watu wakaacha kuniita daktari. Waliacha tu, kama vile mvua inavyokatika.

Miezi miwili baadaye daktari alitangaza siku ya chanjo kwenye uwanja wa shule ya msingi, mbwa na paka bila malipo. Mbwa waliburutwa kwa kamba. Paka walifika kwenye vikapu vya majani, kwenye magunia, mmoja kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso. Mimi nilikuwa naandika. Daktari aliamua kwamba hamchanji paka ambaye hana mwenyewe.

"Huyu wa nani?"

"Wa boma."

"Boma lipange foleni lije lenyewe. Ni wa nani?"

Watu walicheka, wakasukumana, wakaona haya. Mwanamume mzima kusema mbele ya majirani kwamba paka ni wake haikuwa rahisi. Mzee wangu alifika na kikapu, paka amekonda lakini macho yake maangavu, anaunguruma kwa hasira.

"Wa nani?" nilimuuliza, kalamu mkononi.

"Wangu," alisema kwa sauti ya kituo cha majani, ile ya kuita majina ya wenye mizigo. "Andika. Na uandike pia nataka ahasiwe."

Baada yake wengi walisema wangu.

Niliendelea kukaa kwa mzee. Hakubadilika. Asubuhi alinipa chai, jioni aliniachia sehemu yangu ya mboga, na paka akirudi kutoka shambani alipita karibu nami kwenda kwenye gunia lake. Lau angenisema, hata mara moja, nadhani ningeweza kukaa. Lakini kila sahani aliyoniwekea mezani niliiona kuwa ni sahani ya mtu ambaye tayari amesamehewa bila kuulizwa kama anataka. Msimu wa baridi ulipoanza nilimwambia daktari natafuta kazi kwingine. Alinishika mkono kwa nguvu, akanipa barua inayosema mimi ni mchapakazi, jambo ambalo lilikuwa kweli, na haikusema zaidi ya hapo.

Siku niliyoondoka kabisa, mzee alinisindikiza hadi barabarani, akibeba begi langu dogo, akikataa nilichukue. Majani ya chai yalikuwa yameloa. Tulisimama tukingoja lori lililokuwa likipeleka mashine mbovu Nakuru.

"Huko unakokwenda," aliuliza, "kuna duka la dawa za mifugo?"

"Sijui, mzee."

"Ukiliona, pitia ule upande mwingine wa barabara."

Aliangua kicheko, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Kisha lori likaja, akanipa begi, na akageuka kurudi kabla sijapanda, kwa sababu ilikuwa saa ya kukamua.